Umbali na Mwendo: Mfano wa Safari ya Ndege kati ya Taipei na Shanghai

1. Utangulizi

Kiswahili kina maneno zaidi ya moja ya kutajia nafasi iliyopo kati ya mahali pawili. Neno umbali hutaja nafasi yenyewe, iwe imepimwa au haijapimwa. Neno masafa, lenye asili ya Kiarabu, hutumika hasa kwa nafasi ndefu ya safari. Neno mwendo lina jambo la ziada: hutaja tendo la kwenda, na kwa hiyo muda unaotumika katika kwenda. Msafiri akiambiwa kwamba kijiji fulani kiko mwendo wa siku mbili, hakupewa idadi ya kilometa. Amepewa idadi ya siku, naye anaelewa kwamba ndani ya siku hizo mna njia mbaya, mto wa kuvuka na usiku wa kulala ugenini. Umbali ni mali ya ardhi. Mwendo ni mali ya mtu anayesafiri na ya mambo yanayomkuta njiani.

Mtu anaweza kudhani kwamba ndege imeifuta tofauti hiyo. Angani hakuna mto wala tope, na ndege zote kubwa za abiria zinakaribiana kwa kasi. Kwa hiyo ingetosha kujua kilometa, kuzigawanya kwa kasi, na kupata saa za safari. Makala haya yanachunguza dhana hiyo kwa mfano wa miji miwili ya Asia ya Mashariki, yaani Taipei iliyoko kaskazini mwa kisiwa cha Taiwan, na Shanghai iliyoko pwani ya China bara. Mfano huo una faida moja kubwa: umbali kati ya miji hiyo ni ule ule siku zote, lakini mwendo wake umebadilika mara kadhaa katika muda usiozidi maisha ya mtu mmoja.

2. Umbali unavyopimwa

Umbali wa safari ya ndege haupimwi kwa rula juu ya ramani bapa, kwa sababu dunia ni tufe na ramani bapa hupotosha ama umbo ama urefu. Njia fupi kupita zote kati ya pointi mbili juu ya tufe ni sehemu ya duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ndicho kitovu cha dunia. Mistari yote ya longitudo, inayokwenda kutoka ncha ya kaskazini hadi ncha ya kusini, ni sehemu za duara kuu. Mistari ya latitudo siyo, isipokuwa ikweta peke yake.

Kwa bahati, Taipei na Shanghai ziko karibu juu ya mstari mmoja wa longitudo, kwa hiyo hesabu yake ni nyepesi hata kwa mwanafunzi asiye na chombo chochote ila kalamu na karatasi. Uwanja wa ndege wa Taoyuan, unaohudumia Taipei, uko kwenye latitudo ya nyuzi 25 na dakika 5 kaskazini. Uwanja wa Pudong mjini Shanghai uko kwenye nyuzi 31 na dakika 9 hivi. Tofauti ni nyuzi 6 na dakika 4, yaani dakika 364 za duara. Maili ya baharini, ambayo ndiyo kipimo cha marubani na mabaharia, iliwekwa makusudi ilingane na dakika moja ya latitudo; urefu wake ni mita 1,852. Basi kutoka kusini kwenda kaskazini pana maili za baharini 364. Kwa upande wa mashariki, Pudong imeipita Taoyuan kwa kiasi cha maili 30 tu. Zikijumlishwa kwa kanuni ya pembetatu mraba, jawabu ni maili 365 hivi, ambazo ni sawa na kilometa 676. Ikiwa kinachopimwa ni vitovu vya miji badala ya viwanja, umbali hufika karibu kilometa 690. Tofauti hizo ndogo hazitokani na kosa la hesabu. Kila mara swali la kwanza liwe: kutoka wapi hasa hadi wapi hasa?

Kukaribiana kwa longitudo kuna matokeo mengine. Miji yote miwili hufuata saa iliyo mbele ya saa ya Greenwich kwa saa nane. Abiria hana haja ya kurekebisha saa yake ya mkononi, na tofauti kati ya saa ya kuondoka na saa ya kufika iliyoandikwa kwenye tiketi ndiyo muda halisi wa safari. Sivyo ilivyo, kwa mfano, kati ya Delhi na Tokyo, ambako saa zinapishana kwa saa tatu na nusu. Asiyelitambua jambo hilo ataiona safari ya kwenda kuwa ndefu mno na ya kurudi kuwa fupi ajabu.

3. Kutoka umbali hadi muda

Ndege ya abiria ya siku hizi, ikiwa imekwisha panda juu, huenda kwa kasi ya kilometa 800 hadi 900 kwa saa. Kilometa 676 zikigawanywa kwa 850 huleta dakika 48. Hata hivyo hakuna abiria aliyewahi kutoka Taipei akafika Shanghai kwa dakika 48. Katika njia iliyonyooka ndege hukaa hewani kiasi cha dakika 80, na ratiba za mashirika huandika karibu saa mbili. Tofauti hiyo inahitaji maelezo.

Kwanza, kasi ya kilometa 850 haipatikani tangu mwanzo. Ndege huondoka ardhini kwa kasi ndogo zaidi, hupanda kwa robo saa na zaidi, kisha hushuka polepole kwa muda unaokaribia nusu saa. Katika safari ya saa kumi, kupanda na kushuka ni sehemu ndogo. Katika safari fupi kama hii ni sehemu kubwa ya safari. Ndiyo sababu safari fupi hazina uwiano na safari ndefu: kilometa mara mbili hazimaanishi saa mara mbili.

Pili, ndege haifuati duara kuu kikamilifu. Hewani mna njia zilizowekwa, zinazopita kwenye pointi zenye majina, na kila uwanja una njia zake za kutokea na za kuingilia. Upepo ukivuma kutoka kaskazini, ndege hutua ikielekea kaskazini. Iliyokuja kutoka upande huo hulazimika kuzunguka ili iuelekee upepo. Katika anga yenye msongamano kama ile ya Shanghai, ndege huweza pia kuagizwa izunguke ikingoja zamu yake.

Tatu, muda unaoandikwa katika ratiba hauanzi ndege inaporuka wala hauishi inapotua. Huanza ndege inaposogea kutoka mahali ilipoegeshwa, nao huisha inaposimama mahali pake pa mwisho. Ndani yake mna kutambaa ardhini, kupanga foleni ya kuruka, na akiba ndogo ambayo mashirika hujiwekea ili ndege isihesabiwe kuwa imechelewa.

Nne, kuna upepo. Juu ya Asia ya Mashariki, hasa wakati wa baridi, hupita mkondo wa hewa wenye nguvu kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege inayotoka Shanghai kwenda Tokyo husukumwa na mkondo huo, na inayorudi hupambana nao, hata muda wa kwenda na wa kurudi huwa tofauti waziwazi. Njia ya Taipei na Shanghai huukata mkondo huo kwa ubavu, kwa hiyo kwenda na kurudi hukaribia kuwa sawa. Kinachoivuruga njia hii ni tufani za kiangazi na za mwanzo wa vuli, ambazo huweza kuufunga uwanja kwa siku nzima.

Sababu hizo nne ni za kawaida. Zinapatikana katika safari yoyote ya ndege duniani. Zinatosha kueleza jinsi dakika 48 zinavyokuwa karibu saa mbili. Haziwezi kueleza jinsi safari hiyo hiyo ilivyokuwa, kwa miaka zaidi ya ishirini, safari ya siku nzima.

4. Safari ya kuzunguka

Mwaka 1949, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha katika China bara, serikali ya chama cha Guomindang ilihamia Taiwan, na pamoja nayo watu zaidi ya milioni moja, askari na raia. Tangu mwaka huo meli, ndege na barua za moja kwa moja zilikatika. Wengi wa waliohama waliacha upande wa pili wazazi, wake, waume au watoto, wakidhani kwamba watarudi baada ya muda mfupi. Mlango wa bahari unaotenga pande hizo mbili una upana wa kilometa 130 hivi panapokuwa pembamba zaidi. Kwa karibu miaka arobaini kilometa hizo hazikuwa na mwendo wowote, kwa maana hakuna raia wa kawaida aliyeruhusiwa kuzivuka.

Tarehe 1 Januari 1979 serikali ya Beijing ilitoa wito wa kuanzisha tena mawasiliano ya posta, biashara na uchukuzi. Serikali ya Taipei haikuukubali wakati huo. Badiliko lilitokea mwaka 1987: mwezi wa Julai sheria ya kijeshi iliondolewa Taiwan, na mwezi wa Novemba wakazi wakaruhusiwa kwenda China bara kuwatembelea jamaa zao. Waliotangulia kuondoka walikuwa wazee, wengi wao askari wastaafu. Baadhi yao waliwakuta mama zao wakiwa hai; wengine walionyeshwa makaburi.

Ruhusa ya kusafiri, hata hivyo, haikuwa ruhusa ya kuruka moja kwa moja. Ilimlazimu msafiri apitie mahali pa tatu, na mara nyingi mahali hapo palikuwa Hong Kong. Tangu 1995, uwanja wa ndege wa Macau ulipofunguliwa, wengine walipitia huko. Hesabu ya njia hiyo ni rahisi kufanywa. Kutoka Taipei hadi Hong Kong ni kilometa 800 na kidogo, kuelekea kusini-magharibi. Kutoka Hong Kong hadi Shanghai ni kilometa 1,250 hivi, kuelekea kaskazini-mashariki. Jumla inapita kilometa 2,000, yaani mara tatu ya umbali wenyewe. Msafiri anayekwenda kaskazini alianza kwa kuelekea kusini.

Kwa upande wa muda, kulikuwa na safari ya kwanza ya saa moja na nusu na zaidi, kisha kushuka, kungoja, kukaguliwa na kupanda ndege ya pili, kisha safari nyingine inayozidi saa mbili. Ndege za pande hizo mbili zikiunganika vizuri, msafiri alitumia saa tano au sita. Ya kwanza ikichelewa, ya pili ilimwacha, naye akalala njiani. Kwa kijana mfanyabiashara hiyo ilikuwa adha na gharama. Kwa mzee wa miaka themanini aliyepata habari kwamba ndugu yake yu mahututi, saa hizo ziliweza kuwa tofauti kati ya kumkuta na kutomkuta.

5. Jinsi njia ilivyonyooshwa

Njia haikunyooshwa kwa siku moja. Hatua zake zinafaa kufuatwa kwa utaratibu, kwa sababu kila hatua inaonyesha sehemu nyingine ya kile kinachoitwa safari.

Hatua ya kwanza ilikuwa Januari 2003, wakati wa sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina. Ndege za kukodiwa za mashirika ya Taiwan ziliruhusiwa kuwachukua wafanyabiashara wa Taiwan walioko Shanghai na jamaa zao. Abiria hakubadili ndege, lakini ndege yenyewe ililazimika kutua Hong Kong au Macau kabla ya kuendelea. Kilometa zilibaki zile zile za kuzunguka. Kilichopungua ni kule kushuka na kungoja ndege ya pili.

Hatua ya pili ilikuwa Januari 2005, sikukuu hiyo hiyo. Sasa ndege za pande zote mbili ziliruhusiwa kwenda bila kutua njiani, ila ilizipasa kuingia kwanza katika anga inayoongozwa na Hong Kong. Ndege haikugusa ardhi ya mahali pa tatu; iligusa hewa yake tu. Tarehe 4 Julai 2008 safari za namna hiyo zilianza kufanyika kila mwisho wa juma, badala ya kungoja sikukuu.

Hatua ya tatu ndiyo iliyoibadilisha ramani. Mapatano yalitiwa sahihi mjini Taipei tarehe 4 Novemba 2008, na tarehe 15 Desemba ya mwaka huo njia mpya ilifunguliwa kaskazini mwa Taiwan, ikipita juu ya Bahari ya China Mashariki bila kuzungukia Hong Kong. Waongozaji wa ndege wa Taipei na wa Shanghai, ambao maeneo yao yanapakana angani, walianza kukabidhiana ndege wao kwa wao. Muda wa kukaa hewani ulipungua kwa kiasi cha saa moja, ukawa dakika 80 hivi. Tarehe 31 Agosti 2009 ndege za kukodiwa zilifuatiwa na ndege za ratiba ya kawaida. Tangu hapo Taipei na Shanghai zimekuwa, kwa mara ya kwanza baada ya miaka sitini, miji ya jirani kwa mwendo kama zilivyokuwa siku zote kwa umbali.

Kufunguka huko hakukuwa kwa kudumu bila mashaka. Mwezi wa Februari 2020, ugonjwa wa Uviko ulipoenea, Taiwan ilizibakiza ndege za kwenda viwanja vichache tu vya China bara. Viwanja vya Shanghai vilikuwa miongoni mwa vilivyobaki, lakini wakazi wa miji mingi mingine walirudi kwenye hali ya zamani ya kuzunguka. Njia ya angani haina lami wala daraja. Ipo kwa sababu imeruhusiwa, na siku ruhusa inapoondolewa njia huondoka nayo.

6. Kutoka mlango hadi mlango

Hata njia ikiwa imenyooka, mwendo wa abiria hauanzii uwanjani. Uwanja wa Taoyuan uko nje ya Taipei, kiasi cha kilometa 40 kwa barabara. Tangu Machi 2017 kuna treni inayofika kituo kikuu cha mji kwa dakika zisizofika arobaini ikiwa ni ya haraka. Pudong nako ni mbali na katikati ya Shanghai. Kutoka huko kuna treni inayoelea kwa nguvu za sumaku, iliyoanza kazi ya kibiashara mwaka 2004, ambayo hupita kilometa 30 kwa dakika nane hivi. Lakini humshusha abiria pembeni mwa kitovu cha mji, naye huendelea kwa njia nyingine.

Kwa sababu hiyo, mwezi wa Juni 2010 ilifunguliwa njia nyingine kati ya viwanja vya zamani vya miji hiyo: Songshan, ulioko ndani ya Taipei yenyewe, na Hongqiao, ulioko magharibi mwa Shanghai. Kwa umbali wa angani njia hii haina nafuu, kwani ni kilometa 680 hivi. Nafuu yake iko ardhini. Anayetoka ofisini katikati ya Taipei hufika Songshan kwa dakika chache, na kutoka Hongqiao huingia moja kwa moja katika treni ya mji. Huu ni uthibitisho kwamba dakika zinaweza kupunguzwa bila kupunguza kilometa hata moja.

Zikijumlishwa safari ya kwenda uwanjani, ukaguzi, kukaa ndani ya ndege, ukaguzi wa pili na safari ya kuingia mjini, safari ya saa mbili za ratiba huwa saa tano hivi. Ukaguzi una utaratibu wake: mkazi wa Taiwan haingii China bara kwa pasipoti, bali kwa kibali cha pekee kinachotolewa na China bara kwa wakazi wa Taiwan. Kibali hicho hakionekani katika hesabu yoyote ya duara kuu, nacho ni sehemu ya mwendo.

7. Lugha ya ratiba

Mfano huu una mafunzo pia kwa wanaofasiri na kuandika matangazo ya safari kwa Kiswahili. La kwanza linahusu neno saa, ambalo hutaja muda na pia hutaja wakati wa siku. Sentensi "ndege inachukua saa mbili" inataja muda. Sentensi "ndege inaondoka saa mbili" inataja wakati, na kwa hesabu ya Kiswahili, inayoanza jua linapochomoza, wakati huo ni saa 8.00 ya ratiba za kimataifa ikiwa ni asubuhi, au 20.00 ikiwa ni usiku. Mfasiri asiyebainisha asubuhi, mchana au usiku humpoteza msomaji kwa nusu siku. Penye muda, inafaa kusema "muda wa saa mbili". Penye wakati, inafaa kutaja sehemu ya siku.

La pili linahusu safari ya moja kwa moja. Katika lugha ya mashirika ya ndege, safari yenye namba moja huweza kuitwa ya moja kwa moja hata ikiwa ndege inatua njiani. Historia iliyoelezwa hapo juu inaonyesha hali tatu zilizo tofauti kabisa: kubadili ndege njiani, kutua bila kubadili ndege, na kutotua kamwe. Kiswahili hakikosi njia ya kuzitenga: safari ya kuunganisha, safari inayotua njiani, na safari isiyotua njiani. Ndege za 2003 zilikuwa za namna ya pili, za 2005 za namna ya tatu, na hata hizo za 2005 hazikuwa zimenyooka. Kutotua ni jambo moja. Kunyooka ni jambo jingine.

8. Hitimisho

Anayeulizwa kutoka Taipei hadi Shanghai kuna nini anaweza kujibu kwa ukweli kwamba kuna kilometa 676, au dakika 80 hewani, au karibu saa mbili za ratiba, au saa tano kutoka mlango hadi mlango. Kila jawabu ni sahihi kwa swali lake. Kabla ya Desemba 2008 jawabu la kwanza peke yake ndilo lingekuwa hivyo hivyo. Mengine yote yangekuwa tofauti. Na kabla ya Novemba 1987 mtu aliyekuwa Taipei angejibiwa kilometa tu, kwa kuwa mwendo wenyewe haukuwapo.

Wasemaji wa Kiswahili waliozoea kuupima ugeni kwa siku za kwenda hawakuwa wakikadiria kwa sababu ya kukosa kipimo cha urefu. Walikuwa wakipima kitu kingine, nacho ndicho alichokuwa akikihesabu mzee aliyeketi katika ukumbi wa uwanja wa Hong Kong akiingoja ndege ya pili.